Mitungi Mitatu ya Arrah: Maisha ya Uwaziri ya Jagjivan Ram

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, kina mama, na ninyi vijana mliokubali kukalia mabenchi magumu siku ya Jumamosi: ahsanteni kwa kuja.

Mtungi huu mnaouona mezani nimeuazima kwa jirani. Kaniambia ukivunjika nitafute mtaa mwingine wa kuishi, kwa hiyo naomba wa safu ya mbele wapunguze vishindo. (Kicheko.) Nimeuleta kwa sababu mtu ninayetaka kumzungumzia aliingia kwenye siasa kwa kuvunja mtungi, kabla hata hajajua kwamba hiyo ni siasa.

Anaitwa Jagjivan Ram. Tukizungumza habari za India, huku kwetu tunamtaja Gandhi, tunamtaja Nehru, tunamtaja Indira, kisha tunahamia kwenye biriani. Huyu bwana hatumtaji. Naye ukijumlisha vipindi vyake vyote aliketi katika baraza la mawaziri kwa zaidi ya miaka 30, na katika mabunge, kuanzia lile la jimbo lake hadi la taifa, karibu miaka 50, tangu 1936 mpaka anafariki Julai 1986. Watu wake walimwita Babuji. Kwao "babu" ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema mzee au bwana. Kwetu babu ni babu. Mimi nitamwita Babu, nanyi mchukue maana mnayoitaka.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1908 kijijini Chandwa, karibu na mji wa Arrah, jimbo la Bihar. Baba yake aliwahi kuwa askari katika jeshi la Waingereza, akaacha, akarudi kulima. Walikuwa watu wa jati ya Chamar. Jati ni tabaka unalozaliwa nalo na kufa nalo. Huhami kwa mali wala kwa elimu. Chamar ndio watu wa ngozi. Ng'ombe akifa, wao wa kumbeba, wao wa kumchuna, wao wa kushona viatu. Viatu wanavaa wote, hata mcha Mungu wa daraja la juu kabisa. Aliyevishona ndiye asiyeguswa.

Mwaka 1922 kijana huyu akaingia sekondari pale Arrah. Shule nyingi za wakati ule, na stesheni za reli pia, ziliweka mitungi miwili ya maji: maji ya Wahindu na maji ya Waislamu. Babu alikuwa Mhindu. Akasikia kiu, akaenda kwenye mtungi wa Wahindu, akachota, akanywa.

Hebu tuone hapa. (Anachota maji kwa kata.) Mnaona? Ni jambo la nukta chache. Mtoto wa miaka 14 amekunywa maji ya shule. Wenziwe wakakimbia kwa mwalimu mkuu: mtungi wetu umenajisika. Na mwalimu mkuu, ambaye nadhani alijiona mtu wa busara mwenye kutafuta suluhu, akaamua kuweka mtungi wa tatu. Wa Wahindu, wa Waislamu, na huu wa tatu wa wasioguswa. Kila mtu ana maji yake, amani imepatikana!

Babu akauvunja. Ukaletwa mwingine, akauvunja na huo. Ndipo mwalimu mkuu akachoka, mtungi wa tatu ukaondolewa, na wote wa Kihindu wakanywa pamoja.

Angalieni alichokivunja. Hakuugusa mtungi wa waliomchongea. Aliuvunja ule aliopewa yeye, uliowekwa eti kwa faida yake. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara hapo ndipo ninaposimama.

Baadaye Madan Mohan Malaviya, mwasisi wa Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras, alifika Arrah, akamsikia kijana huyu, akapendezwa, akamkaribisha chuoni kwake. Akaenda. Huko darasani alifundishwa sayansi, na bwenini akafundishwa mengine: watumishi walikataa kumwandalia chakula na kuosha sahani yake, na kinyozi wa pale alikataa kugusa nywele zake. Ninyi wanafunzi mnaolalamikia maharage, jaribuni kula mahali ambapo sahani yako ndiyo tatizo. Akaondoka, akaenda Calcutta, akapata shahada ya sayansi mwaka 1931.

Sasa niwaingize kwenye ugomvi ambao mpaka leo haujaisha kule India, maana bila huo hamtamwelewa Babu.

Wakati huo wasioguswa walikuwa na simba wao mwingine, B. R. Ambedkar. Huyo alisema: tupeni wapiga kura wetu wenyewe, tumchague mtu wetu sisi kwa sisi. Gandhi akagoma kula kuupinga mpango huo, na mwaka 1932 wakafikia mapatano mjini Poona: kutakuwa na viti vilivyotengwa kwa wasioguswa, lakini watakaopiga kura ni watu wote wa jimbo la uchaguzi. Msichanganye na viti maalum vyetu vya wanawake. Kule mgombea lazima awe wa jati hizo, ila kura anaziomba kwa kila mtu, wakiwamo wasiotaka agonge mlango wao. Ambedkar alikubali akiwa amekunja uso. Alijua mbunge wa namna hiyo atapaswa kuwapendeza wenye nguvu kwanza.

Babu akachukua njia nyingine. Akaingia chama cha Congress, chama cha Gandhi na Nehru, akawa mmoja wa viongozi wa umoja wa watu wa tabaka la chini ulioshikamana na chama hicho, akafungwa na Waingereza katika vuguvugu la miaka ya 1940 kama wenzake wote. Hoja yake ilikuwa kwamba nyumba ni kubwa na wenye nyumba ni wengi, wewe ukibaki nje utapiga kelele mpaka usiku. Ingia ndani ushike funguo. Wako waliomwona msaliti kwa hilo. Kanshi Ram, aliyekuja kuanzisha chama cha Bahujan Samaj, aliwaita viongozi wa aina hii "chamcha", yaani vijiko: kijiko hakijipeleki mdomoni, kinashikwa na mkono wa mtu. Ni tusi kali. Tuliweke pembeni kidogo, tutalirudia.

Funguo alizipata mapema. Septemba 1946 Nehru alipounda serikali ya mpito, Babu akawa Waziri wa Kazi akiwa na miaka 38, mdogo kuliko mawaziri wote. Mwaka uliofuata alikwenda mkutano wa kazi wa kimataifa Geneva, na wakati wa kurudi ndege ikaanguka karibu na Basra, kule Iraq. Akapona. Nasema kwa kupita tu, ila inaonyesha alikuwa mtu mgumu.

Wizara ya Kazi ndiyo ningependa tukae nayo, maana watu hupenda kusimulia vita na kupita haraka kwenye mishahara. Mwaka 1948 India ilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Mshahara. Haki ya mambo ni kwamba muswada wenyewe ulikuwa umeanzishwa na Ambedkar, alipokuwa anashughulikia kazi katika baraza la Gavana Mkuu wa Kiingereza. Kwa hiyo hawa wawili, mmoja aliyepiga kelele nje na mmoja aliyeingia ndani, mikono yao inakutana kwenye karatasi moja. Sheria ile ilifanya kazi hivi: mwishoni kulikuwa na jedwali, na kwenye jedwali kulikuwa na orodha ya kazi. Kazi ikitajwa pale, serikali ililazimika kupanga mshahara usioweza kushushwa. Kazi isipotajwa, shauri yako. Basi humo kulikuwa na vinu vya mpunga, wasokota sigara za bidi, wapasua kokoto, wajenga barabara, vibarua wa mashamba. Na mkishuka mpaka chini mtakuta viwanda vya kusindika ngozi.

Watu wa ngozi, jamani. Tangu lini mtu wa ngozi akawekewa mshahara na sheria? Kazi yake ilikuwa malipo ya fungu la nafaka baada ya mavuno, na shukuru. Simaanishi kwamba siku ya pili tajiri alilipa. Sheria ya mshahara bila mkaguzi ni kama nyavu bila kamba, na wakaguzi hawakutosha kamwe. Ila kibarua aliyedhulumiwa sasa alikuwa na kifungu cha kukitaja. Mwaka huohuo ikapita sheria ya bima ya wafanyakazi, anayeugua kiwandani atibiwe.

Wizara zilizofuata nitazipitia mbiombio. Mawasiliano kuanzia 1952, na mwaka uliofuata mashirika ya ndege yakataifishwa. Kisha reli, mwishoni mwa 1956, baada ya waziri wa reli wa wakati huo, Lal Bahadur Shastri, kujiuzulu kwa sababu ya ajali mbaya ya treni kule Ariyalur. Mwaka 1963 akatoka serikalini pamoja na mawaziri wengine wazito chini ya mpango wa Kamaraj, kiongozi mmoja wa Congress, eti wakakijenge chama. Akarudi 1966 chini ya Waziri Mkuu mpya, Indira Gandhi.

Na hapa nisimfanye malaika. Mwaka 1969, Congress ilipopasuka, ilifichuka kwamba Babu hakuwa amepeleka hesabu zake za kodi ya mapato kwa miaka kumi. Miaka kumi! Indira akamtetea kwamba ni mtu mwenye shughuli nyingi, alisahau. (Kicheko kirefu.) Cheka, lakini siku ukifuatwa dukani kwako kuhusu kodi, jaribu jibu hilo uone. Yeye hakupoteza uwaziri, na punde akawa rais wa chama.

Wizara ya Chakula na Kilimo aliishika kati ya 1967 na 1970, na kuja kwake kuliangukia kwenye ukame uliokausha Bihar yake mwenyewe. India wakati ule ilikula ngano ya meli kutoka Marekani, na meli zinaweza kucheleweshwa zikiwa na ujumbe ndani yake. Mtangulizi wake, C. Subramaniam, alikuwa ameshaagiza mbegu za ngano fupi zilizozalishwa Mexico. Ufupi ndio siri: ngano ya zamani ukiitia mbolea inarefuka, inalala, inaoza; hii inasimama na kuzaa masuke mazito. Sifa ya kuanzisha ni ya Subramaniam. Babu alikuja na kazi isiyoimbwa, ya kuhakikisha mbegu, mbolea na maji vinakutana msimu uleule, na serikali inanunua mavuno kwa bei isiyomkatisha mkulima tamaa. Kufikia msimu wa 1970/71 nchi ilivuna zaidi ya tani milioni 100 za nafaka. Wakulima wa Punjab walinufaika sana, wenye visima. Kibarua wa Bihar asiye na shamba hakunufaika hivyo, naye ndiye aliyekuwa jamaa ya waziri.

Kisha Ulinzi. Vita vya Desemba 1971 vilidumu kama wiki mbili, Wapakistani zaidi ya 90,000, wengi wao askari, wakajisalimisha, na Bangladesh ikapata uhuru. Wahindi wanamkumbuka zaidi mkuu wa jeshi, Jenerali Manekshaw, aliyemwambia Indira mapema kwamba vita vya haraka kabla ya masika kupita vitazama kwenye matope. Waziri mzuri wa ulinzi katika hali hiyo ni yule anayemwachia mwanajeshi nafasi ya kusema ukweli na kupewa muda wake. Babu aliiacha nafasi hiyo. Ngoja, mwanangu, maswali mwishoni, mkono nimeuona.

Sasa twende mahali pagumu.

Usiku wa 25 Juni 1975 Indira Gandhi alitangaza Hali ya Hatari. Mahakama ilikuwa imebatilisha ubunge wake, akaona bora afunge midomo ya nchi nzima. Wapinzani walikamatwa vitandani. Baraza la mawaziri halikuulizwa. Waliitwa asubuhi kuarifiwa jambo lililokwisha. Babu alikuwa mmojawao. Na tarehe 21 Julai, katika Bunge, aliyesimama kutoa hoja kwamba wabunge waiidhinishe Hali ya Hatari alikuwa Jagjivan Ram.

Nimejiuliza kwa nini yeye. Jibu ninaloliona ni kwamba alikuwa mkongwe, na mkono wake uliipa hoja uzito. Kile kijiko cha Kanshi Ram, mnakikumbuka? Hapa ndipo kinapomchoma. Yule mtoto aliyeuvunja mtungi aliowekewa, sasa anaubeba mtungi wa mwenziwe na kuwanywesha wengine. Nawafahamu watu wanaomtetea: wanasema alikuwa akichungwa, angekataa angelala rumande na wengine. Huenda. Lakini miezi 18 iliyofuata alibaki kwenye kiti.

Januari 1977 Indira akaitisha uchaguzi, akiamini atashinda. Tarehe 2 Februari Babu akajiuzulu, na kuanzisha chama kipya pamoja na H. N. Bahuguna na Nandini Satpathy. Ilikuwa radi. Mpaka siku hiyo wapinzani walikuwa watu waliotoka jela wakiwa wamechoka. Ghafla waziri mkongwe kuliko wote amevuka mstari. Watumishi wa serikali, polisi, waandishi, wote wakaelewa kwamba mwenye pua kali ameinusa harufu ya kushindwa.

Jumapili moja wapinzani wakaitisha mkutano Delhi, uwanja wa Ramlila, Babu akiwa mmoja wa wasemaji. Televisheni ilikuwa ya serikali. Jioni hiyo wakaweka filamu ya mapenzi iliyokuwa ikitikisa nchi, inaitwa Bobby, ili watu wabaki nyumbani. Wangapi hapa wangekwenda kusikiliza hotuba kama nyumbani kuna filamu ya bure? Msinidanganye. Basi watu wa Delhi wakaiacha televisheni, wakafurika uwanjani, na magazeti yakaandika kwamba Babu amemshinda Bobby.

Congress ikaanguka, Indira mwenyewe akakosa kiti chake cha Rae Bareli. Na swali la nani awe Waziri Mkuu likafika mezani. Babu alikuwa na uzoefu kuliko wote. Charan Singh, kiongozi wa wakulima wa kaskazini, akaandika barua akiwa hospitalini kwamba anamuunga mkono mwanasiasa mkongwe mwingine, Morarji Desai, na mizani ikalala upande huo. Sababu zilizosemwa hadharani ni kwamba Babu ndiye aliyetoa hoja ya Hali ya Hatari. Ni sababu ya kweli. Zile zilizosemwa barazani kwa sauti ya chini zilihusu ngozi na jati. Nazo zilikuwepo. Mimi siwezi kuzitenganisha kwa kisu, na sidhani kuna anayeweza.

Alinuna, kisha akakubali tena Wizara ya Ulinzi, na mapema 1979 akawa Naibu Waziri Mkuu. Serikali ya Desai ilipoanguka mwaka huo, Charan Singh akakaa kwenye kiti wiki chache tu naye akaanguka. Babu, sasa kiongozi wa Janata, chama kile cha walioishinda Congress 1977, akasubiri kuitwa na Rais. Rais akavunja Bunge. Uchaguzi wa 1980 Janata ilimtangaza yeye kuwa ndiye Waziri Mkuu wao mtarajiwa, ikapata viti 31. Jimbo lake la uchaguzi, Sasaram, ndilo halikumwacha kamwe, lilimchagua mpaka alipokufa.

Nimeruka tukio moja makusudi. Januari 1978, akiwa Waziri wa Ulinzi, mwenye jeshi zima chini ya sahihi yake, alialikwa Varanasi, ndiyo Banaras, kuzindua sanamu ya Sampurnanand, aliyekuwa mwanasiasa wa tabaka la juu. Mji ni uleule wa chuo kilichomkatalia kinyozi. Akavuta kitambaa, makofi, akaondoka. Baada ya kuondoka, wanafunzi wa tabaka la juu walileta maji ya Mto Ganga, wakaiosha sanamu. Sanamu ya jiwe. Ilikuwa imeguswa.

Tangu mtungi wa Arrah ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50. Katikati yake kuna sheria ya mshahara, reli, ngano, vita, na karibu wizara zote ambazo nchi inaweza kumpa mtu. Na maji yakaletwa tena.

Binti yake, Meira Kumar, alikuwa mwanadiplomasia, kisha akashika jimbo lilelile la Sasaram, na 2009 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la India. Agosti 2022, siku ambazo India ilikuwa ikisherehekea miaka 75 ya uhuru, mtoto wa miaka tisa alifariki katika wilaya ya Jalore, Rajasthan. Familia yake ilisema mwalimu alimpiga kwa sababu aligusa mtungi wa maji shuleni. Wengine walikanusha habari ya mtungi, na shauri likaenda kwa vyombo vya sheria. Mama Meira aliandika hadharani siku hizo kwamba miaka 100 iliyopita baba yake alikatazwa kunywa maji shuleni kwenye mtungi wa wenye tabaka, na kwamba kupona kwake ulikuwa muujiza.

Haya, yule kijana wa nyuma, sasa uliza. Na atakayesikia kiu, kata iko hapa, maji ya mtungi ni ya baridi.